Sheikh Abdalla Saleh Farsy alianza na vijitabu

Tafsiri kamili ya Qurani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy ilipotoka mwaka wa 1969, mwenyewe alikuwa mtu wa miaka 57. Nautaja umri huo mapema kwa sababu vijana wengi ninaokaa nao baada ya swala huku Rongai wameaminishwa kwamba asiyefika mbali kabla ya miaka 30 ameshapitwa na basi lake. Sheikh alipokuwa na miaka 30 alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa bado na miaka mingine mingi ya kushika chaki.

Alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1912. Alisoma Qurani utotoni kama watoto wote wa mji ule, kisha akapita shule ya serikali na chuo cha ualimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaingia darasani kufundisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Ilimu ya dini aliendelea kuitafuta misikitini na majumbani kwa wanavyuoni, baada ya saa za kazi. Miongoni mwa masheikh zake alimtukuza sana Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumeit. Baadaye serikali ikampa kazi ya kukagua shule za Unguja na Pemba, na huko akapata kujua Kiswahili cha watu wa kila namna, wa mji na wa shamba. Mimi naona kazi ile ya ukaguzi ilimfaa kuliko watu wanavyodhani, maana anayetaka kufasiri lazima kwanza ajue anamfasiria nani.

Azma yake ilikuwa kubwa. Qurani ina sura 114 na aya zaidi ya elfu sita. Aliyekuwa ameitoa yote kwa Kiswahili mbele yake ni kasisi wa Kiingereza, Godfrey Dale, mwaka wa 1923, na maelezo yake yalielekea kuipinga dini yenyewe. Mwaka wa 1953 Maahmadia nao wakatoa yao kutoka Nairobi. Kwa upande wetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikwisha kuianza kazi hiyo, akafariki mwaka wa 1947 kabla ya kuimaliza. Juu ya hayo walikuwapo watu wazito walioona kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayafai kutiwa katika lugha nyingine. Kwa hivyo mtu aliyetaka kuibeba kazi hii alikuwa na kila sababu ya kuiahirisha.

Sheikh alitoa vijitabu. Katika miaka ya 1950 sehemu za tafsiri yake zilianza kuchapwa Zanzibar, sura hizi leo, sura nyingine baadaye, watu wananunua na kusoma huku yeye yumo katika zinazofuata. Hakuomba apewe kwanza miaka kadhaa ya kukaa bure aandike. Alikuwa na shule za kuongoza, na kuanzia mwaka wa 1960 alikuwa Kadhi wa Zanzibar, yaani kila asubuhi ndoa, talaka na mirathi za watu zinamngoja mlangoni. Kijitabu kina faida ambayo kitabu kikubwa hakina. Mwenye kipato kidogo anaweza kukinunua, na mwenye ilimu akiona pamekosewa anaweza kusema mapema. Tena kinamfunga mwandishi. Ukishawapa watu juzuu moja, watakuuliza ya pili iko wapi.

Nilimsimulia haya kijana mmoja wa mtaani kwangu, mwalimu wa madrasa jioni na karani mjini mchana. Ana ndoto ya kuandika mfululizo mzima wa vitabu vya fiqhi kwa watoto wa huku bara, ambao Kiswahili chao kimechanganyika na Sheng' na wanapotea katika vitabu vyetu vya Pwani. Ndoto nzuri. Amechora mpaka majalada. Ila kwa miaka minne amekuwa akingoja apate mwaka mmoja wa mapumziko ndipo aanze. Akanijibu kwamba zama za Sheikh hakukuwa na foleni ya Magadi Road. Nilicheka, maana ninayetoka Rongai alfajiri ninaijua foleni ile kuliko yeye.

Lakini Sheikh naye alikuwa na foleni yake. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta kazini Zanzibar, na mji alioujua tangu utoto ukabadilika mbele ya macho yake. Mwaka wa 1967 akahamia Kenya, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini anayeanza upya katika nchi nyingine. Mwaka wa 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akishika nafasi ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na makao yake yakawa Mombasa. Mwaka uliofuata Qurani Takatifu ikatolewa nzima na Islamic Foundation ya Nairobi. Sisi watu wa Pwani hupenda kuhesabu kila la dini kuwa ni la kwetu, na ni vyema kukumbuka kwamba kitabu hiki tunachokiweka juu ya rafu zetu kilitoka Nairobi, mwendo wa matatu moja tu kutoka ninapoishi.

Hakupendwa na wote. Alikuwa na ulimi mkali juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na yako majumba Mombasa na Lamu yaliyogawanyika kwa sababu ya fatwa zake. Mimi nimelelewa katika nyumba ya maulidi na sijayaacha. Hata maelezo yake chini ya aya nyingine huona yamekuwa marefu kwa sababu ya kujibizana na Makadiani, mpaka msomaji wa kawaida anachoka. Lakini kila Ramadhani nakifungua kitabu kile kile, na sijui nyumba inayompinga ambayo haina nakala yake.

Wala hakupumzika baada ya hapo. Mwaka wa 1972 alitoa Mombasa kitabu juu ya maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kazi ambayo wanahistoria wa ng'ambo waliifasiri kwa Kiingereza na wanaitegemea hadi leo. Alifariki Muscat, Oman, mwaka wa 1982. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Yule kijana hakunijibu tena siku ile. Mwezi uliopita aliniletea kurasa kumi na sita juu ya udhu, zimetolewa fotokopi na kubanwa kwa pini mbili. Mzee mmoja wa msikitini alikwisha kutia kalamu nyekundu pahali pawili. Cha pili, kuhusu tayamamu, amekiahidi kabla ya Ramadhani, na mimi nimekwisha kukilipia.