Mary Ainsworth: Mtafiti aliyebadilishwa mawazo na watoto wa Uganda

MAMA wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayedamka kwenda soko la Kibuye na kumwacha mwanawe kwa nyanya au jirani, hulisikia kilio kinachomfuata hadi mlangoni. Je, mtoto humlilia mama kwa sababu humnyonyesha, au kuna jambo jingine? Ng'ambo ya Ziwa Victoria, nchini Uganda, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alilitafutia swali hilo jibu kwa kutazama badala ya kukisia.

Ainsworth alizaliwa Desemba 1, 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akalelewa Canada. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1939 na baadaye akalitumikia jeshi la Canada hadi cheo cha meja.

Mwaka 1950 alihamia London na mumewe, Leonard. Huko alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyechunguza athari za mtoto kutenganishwa na mamaye. Bowlby alikuja kuamini kwamba mtoto huzaliwa na silika ya kumwandama mlezi wake. Ainsworth alitilia shaka fikra hiyo, kwani wanasaikolojia wengi wa enzi hizo walishikilia kuwa mapenzi ya mtoto hutokana na chakula.

Alifika Kampala mwaka 1954, akafanya utafiti kupitia taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Alikusudia kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa nyanyaye anapoachishwa ziwa. Vijijini alikuta familia nyingi haziifuati. Hakuung'ang'ania mpango wake; aliubadilisha.

Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 zenye watoto 28, takriban kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa hadi miezi tisa. Aliandika mtoto alimlilia nani, alimfuata nani na alitulizwa na nani. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea vitu, kisha akirejea kwa mama hata bila njaa. Watoto 16 walikuwa na uhusiano thabiti na mama zao, saba walikuwa na wasiwasi, na watano walikuwa bado hawajaujenga. Mama walioweza kueleza kwa kina tabia za wana wao ndio aghalabu waliokuwa na watoto watulivu. Ushahidi huo ulimfanya aiache shaka yake.

Miaka ya 1960 alichunguza familia nyingine 26 mjini Baltimore, Marekani, akabuni jaribio la dakika 20 hivi la kumtenganisha mtoto na mama kwa muda mfupi na kutazama wanavyokutana tena. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967.

Wakosoaji wamesema kwamba jaribio hilo halizifai jamii zote, hasa zile ambamo mtoto huwa na walezi wengi. Hoja hiyo ina uzito Nyalenda, ambako nyanya, dada na jirani hushiriki malezi. Hata hivyo, njia ya kuipima ni ileile aliyoitumia mwenyewe: kuingia nyumbani, kutazama kwa subira na kuwa tayari kukosolewa na ushahidi.

Ainsworth alifariki dunia Machi 21, 1999, akiwa na umri wa miaka 85.