Henry Ford na vilebrekeni ya kumiminwa

Mu garaji, mbele ya kununua vilebrekeni, ulizo ni lile lile: ni ya kufuliwa ao ya kumiminwa? Vilebrekeni ni ile fito ya chuma yenye viwiko, inayogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Ya kufuliwa, chuma cha moto kinapigwa kwa nyundo kubwa mpaka nyuzi zake zinafuata umbo. Ya kumiminwa, chuma kinayeyushwa na kumwangwa mu kalibu. Hii ya pili watu wengi wanaizarau.

Henry Ford hakuizarau. Alizaliwa tarehe 30/7/1863 ku Dearborn, Marekani, mtoto wa mkulima asiyependa kazi ya shamba. Mwaka 1896 alitengeneza motokari yake ya kwanza. Mwaka 1901 alishindana mwenyewe na Alexander Winton, bingwa wa mbio wakati ule, akamshinda. Kampuni yake ilianza 1903.

Model T ya 1908 ilikuwa na vilebrekeni ya kufuliwa. Zilitoka zaidi ya milioni 15. Kisha mwaka 1932 akaleta moteri ya V8, nguvu 65 za farasi, kwa bei ya mtu wa kawaida. Hapo njo kufua kukawa mzigo: vilebrekeni ikishapigwa, bado inataka kuchongwa sana. Miaka kidogo baadaye, kiwanda chake kikaanza kuimimina. Kalibu inatoa umbo karibu kamili, na kuchonga kunapungua. Siri ilikuwa mu mchanganyiko: kaboni nyingi, silikoni, kromu, na (sisi watu wa Katanga tusikie vizuri) shaba kidogo.

Kweli, moteri inayosukumwa kupita kiasi bado inataka ya kufuliwa. Lakini vijana wa Marekani waliotengeneza V8 za mbio waliitafuta sana vilebrekeni ya kumiminwa ya Mercury, motokari nyingine ya kampuni ile, ya 1949 mpaka 1953. Viwiko vyake virefu viliongeza nguvu.

Mwenyewe hakuwa mtakatifu. Gazeti lake liliwatukana Wayahudi, na mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga watu wa sendika mbele ya kiwanda. Alikubali sendika 1941 tu, kisha mgomo.

Alikufa nyumbani tarehe 7/4/1947. Mafuriko yalikuwa yamekata umeme, kwa hiyo usiku ule waliwasha mishumaa na taa za petroli.