MWENDA WA BAYEKE, MTU WA GITARE KAVU



Katika namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja mwenye jina lake lilifika Nairobi, Cape Town na hata Amerika. Lakini hapa Likasi kwenyewe, mahali sauti yake ilinaswa na mashini, wengi wetu hatumujue. Ukiuliza kijana wa leo akutajie wapiga gitare wakubwa, atakuhesabia wale wa Kinshasa tu. Mtu huyu ni Mwenda Jean-Bosco, mwenye kuitwa pia Mwenda wa Bayeke.

Tunamuandika sasa kwa sababu ya mabishano yenye iko katika masomo yetu. Mwaka huu sisi wa mwaka wa mwisho tulianza kutengeneza gitare ya umeme kwa mikono yetu, pamoja na mikro zake. Wamoja wanasema hiyo ni kupoteza wakati, kwani bila franka ya kununua gitare ya magazini hakuna muziki. Wengine wanasema tuendelee. Tukaona heri kwanza tuangalie mtu mwenye alitutangulia katika mji huu, tujue alikuwa na nini na alikosa nini.

1. Kutoka Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya. Kila mwanafunzi wa Katanga amekwisha kujifunza jina lile katika somo la historia. Bunkeya ilikuwa mji mkubwa wa mfalme Msiri, mwenye watu wake, Bayeke, walitoka upande wa Tanzania ya leo wakifuata biashara ya shaba na pembe za tembo. Msiri aliuawa mwaka 1891, wakati Wazungu walipokuja kutafuta inchi yake. Jina Mwenda linatoka katika jamaa ile ya wafalme, na njo maana mpiga gitare wetu hakuona haya kujiita Mwenda wa Bayeke.

Mji wetu wakati ule uliitwa Jadotville. Ulipata jina la Likasi mwaka 1966 tu. Ulikuwa mji wa kazi. Kompani Union Minière ilikuwa na kiwanda cha Shituru tangu mwaka 1929, mahali shaba ilisafishwa kwa nguvu ya umeme. Watu walikuja kutoka pande zote, Baluba, Basanga, Babemba, Balunda, na wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia. Kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao. Walipokutana katika kambi za kazi, luga ya kusikilizana ilikuwa Kiswahili, na chombo cha kuwakusanya jioni kilikuwa gitare.

Gitare ile haikuwa na umeme. Njo ile tunaita gitare kavu. Mwenye kukosa franka alitengeneza yake kwa mukebe wa mafuta, ubao na waya. Rafiki yake akikosa ngoma, alishika chupa tupu akaigonga kwa kijiti. Watu walicheza mpaka usiku, wala hakuna aliyeuliza ampli iko wapi.

2. Mwaka 1952

Mwaka ule kulifika hapa Jadotville Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, mwenye kukaa Afrika ya Kusini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka inchi za Afrika akinasa muziki wa watu, kwani aliogopa usipotee. Ndani ya motokari yake alileta mashini za kunasa sauti. Alipomsikia Mwenda, kijana wa miaka 22 hivi, alimwomba apige mbele ya mikro.

Kati ya nyimbo za siku zile kulikuwa na Masanga. Hiyo njo nyimbo iliyomfanya Mwenda ajulikane. Ilipata zawadi ya Osborn kuwa muziki bora wa Afrika wa mwaka 1952, na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ilitoa diski zake. Diski zile zilisafiri kwa treni na kwa redio, zikafika Rhodesia, Tanganyika, Kenya na Uganda. Watu wenye hawakujua Jadotville iko wapi walijifunza kupiga Masanga kwa kurudisha diski ileile mara mia.

Tuangalie vizuri jambo moja hapa. Siku ile umeme ulikuwa ndani ya mashini ya Tracey. Ndani ya gitare haukuwamo hata kidogo. Mwenda alikuwa na mbao, kamba sita na vidole.

3. Vidole viwili

Na vidole vyenyewe vilikuwa viwili. Mkono wa kuume ulifanya kazi kwa kidole gumba na kile cha kwanza. Gumba ilipiga kamba nene za chini, ikatembea sawasawa kama mtu mwenye kwenda kazini. Kidole cha kwanza kilipiga kamba nyembamba, kikaimba juu yake. Msikilizaji mwenye hakumuona alifikiri gitare ziko mbili.

Tena Mwenda hakurudisha sauti ileile kila mara. Alibadilisha kidogo, akarudi, akabadilisha tena. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alisikiliza diski zake akaandika noti zake moja moja, kisha akazieleza katika gazeti la wajuzi wa muziki wa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi ile ilimchukua kurasa mingi. Nyimbo yenye watu wa mitaani walicheza baada ya kazi iliwapa wenye diploma jasho la kweli.

Alijifunza wapi? Masikio yake yalikuwa wazi. Alisikia nyimbo za wazee wa Katanga na za Zambia, muziki wa Kuba wenye uliingia kwa diski, na gitare za sinema za makauboi. Vyote vile alivitia katika chungu kimoja, akapika chakula chake mwenyewe.

4. Nairobi na mbali zaidi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi. Kule alikuwa na saa yake ya kupiga muziki katika redio. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitare wa Katanga, alijulikana sana kulekule. Vijana wa Kenya waliwasikiliza hao wawili, wakaiga vidole vyao, na muziki wa gitare wa inchi ile ukabeba alama ya Katanga kwa miaka mingi.

Mwaka 1969 aliitwa Amerika, kupiga katika sikukuu kubwa ya muziki kule Newport. Alisimama mbele ya Waamerika wenye hawakusikia hata neno moja la Kiswahili chake.

Wasomaji wasifikiri kama alikula kwa gitare peke yake. Alifanya kazi ya banki, alifanya kazi Gécamines, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Sehemu kubwa ya maisha yake aliikaa Lubumbashi. Muziki aliufanya pembeni ya kazi, kama sisi tunavyofanya pembeni ya masomo. Na wakati orkestra za umeme zilipojaa kila mji, yeye naye aliongoza orkestra yake. Hakuchukia umeme.

5. Umeme wa gitare unatoka wapi

Hapa tuwaeleze kidogo kazi yenye tuko nafanya, maana wengi wanafikiri mikro ya gitare ni uchawi wa Wazungu.

Mikro ni vitu viwili: sumaku na waya wa shaba. Waya ule ni mwembamba sana, kama sehemu sita za mia za milimita, nao umepakwa rangi ya kuzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Unauzungusha juu ya sumaku mara 7000 au 8000. Kamba ya chuma ikitetemeka juu ya sumaku, inatikisa nguvu ya sumaku, na ndani ya waya kunazaliwa umeme kidogo wenye kutetemeka sawa na kamba. Njo ile sheria ya Faraday ya mwaka 1831, yenye mwalimu wa fizike alituandikia ubaoni. Ampli inaukuza umeme ule tu. Kwa hiyo kamba za nailoni hazifai, lazima chuma.

Gitare ya umeme ya kwanza yenye iliuzwa ilitokana na Mwamerika George Beauchamp mwaka 1931. Yeye naye alianza nyumbani, akijaribu vipande vya mashini ya diski juu ya ubao. Watu waliiita gitare yake kikaango kwa sababu ya umbo lake. Na hapa Kongo, kule Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu wa Konono N°1 alitengeneza mikro za likembe zake kwa sumaku za vipande vya motokari za zamani na waya wa shaba. Alikufa mwaka 2015, baada ya kupiga likembe zile mbele ya watu wa Ulaya na Amerika.

Sisi waya tunaupata ndani ya transforma za redio zilizokufa. Sumaku tunazitoa katika vipaza sauti vilivyopasuka. Tunazungusha kwa mashini ya kutoboa ya mkono, mmoja akizungusha, mmoja akiongoza waya kwa vidole, wa tatu akihesabu. Halafu tunachovya katika nta ya mishumaa ili waya usitetemeke wenyewe. Kwa shingo, tulichukua urefu wa kamba wa sentimita 65. Ukigawanya kwa 17,817 unapata milimita 36 na nusu, mahali pa chuma cha kwanza. Kinachobaki unakigawanya tena vilevile, mpaka chuma cha 12 kiangukie katikati kabisa, sentimita 32 na nusu. Kwa ampli tunatumia redio ya mabuye. Tunawaonya wadogo wetu: musifungue redio ya zamani yenye kuchomekwa ukutani, inaweza kuua mtu.

Na mukumbuke huu waya ni shaba. Zile sumaku nzuri za gitare za magazini zinatengenezwa kwa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti vinatoka hapa chini ya miguu yetu, vinapita Shituru, vinaondoka kwa treni. Gitare inarudi kutoka ngambo kwa bei yenye baba zetu hawawezi kulipa.

6. Mwisho wake

Miaka ilipopita, muziki wa gitare kavu ulisukumwa nyuma na orkestra. Lakini watu wa mbali hawakusahau. Wazungu wenye kupenda muziki walifunga safari mpaka Katanga kumtafuta Mwenda, wakaketi mbele yake kama wanafunzi. Mwaka 1988, akiwa na miaka karibu 58, alinasa nyimbo zake tena kule Cape Town. Alipiga gitare kavu, na Masanga ilikuwa pale.

Mwezi wa tisa mwaka 1990 alikufa kwa aksida ya motokari. Alikuwa na miaka 60.

Sasa turudi kwa mabishano yetu. Wale wenye kusema tuache wanatumia jina la franka. Maisha ya Mwenda yanawajibu kama franka haikuwa mwanzo. Lakini yanatujibu sisi pia, wenye kutaka kuendelea. Kuzungusha waya mara 8000 hakumfundishe mtu kupiga. Mwenda hakuwa na mikro hata moja ndani ya gitare yake mwaka 1952, na vidole viwili vilitosha kufika Newport. Basi tumepatana hivi: gitare itamalizika, na kila mwenye kutaka kuishika atajifunza kwanza kwenye gitare kavu ya masomo, gumba na kidole cha kwanza, polepole, jioni baada ya etude.

Tunaomba tena jambo moja. Nyumbani mwenu kuna wazee wenye walikuwa vijana Jadotville. Waulizeni nani alipiga gitare katika kambi yao, na nyimbo gani. Andikeni majina, mutuletee kabla ya mwisho wa muhula. Jina la Mwenda limebaki kwa sababu mashini ilipita siku ile. Kuna wengine wenye mashini haikuwafikia, na wazee wenye kuwakumbuka wanazidi kupungua.

Wenu katika masomo,
Wanafunzi wa mwaka wa mwisho