Mwalimu Nyerere na Kitabu cha Kaizari

Ndugu wanafunzi, wamoja wetu wanasema Kiswahili ni ya soko tu, eti kitabu ya kweli iko katika Kifaransa. Basi tutazame maisha ya Julius Nyerere.

Alizaliwa Butiama, Tanganyika, mwaka 1922, mtoto wa mtemi wa Wazanaki. Aliingia masomo akiwa na miaka 12. Akapita Tabora, Makerere, mpaka Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Ndiyo maana anaitwa Mwalimu hata leo. Desemba 1962 akawa Prezida. Kazi zilimjaa, lakini mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, kwa mistari ya mashairi. Kuchagua ile hadithi ya mkubwa wa Roma aliyechomwa visu na rafiki zake, naye mwenyewe ni mkubwa wa inchi! Sisi wa Lubumbashi, ambao Lumumba aliuawa karibu na kwetu mwaka 1961, tunaisoma polepole.

Mwaka 1969 akaitengeneza upya, akatoa tena Mabepari wa Venisi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akaandika mabepari. Hapo siasa yake imeingia kidogo, sisi tunaona. Alikufa tarehe 14 Oktoba 1999, London, mji ule ule ambamo Shakespeare alicheza michezo yake.