Beryl Markham: Mwanamke aliyewanoa farasi wa mbio

Walimwengu humkumbuka Beryl Markham kwa ndege aliyoirusha peke yake juu ya Bahari ya Atlantiki mnamo Septemba 1936. Nchini Kenya, hata hivyo, riziki yake ilitoka mazizini, na huko ndiko alikorejea uzeeni.

Alizaliwa Uingereza Oktoba 1902, akaletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba Njoro alikofuga farasi wa mbio. Mamake alirudi kwao mapema, na mtoto akakulia miongoni mwa farasi na watoto wa wafanyakazi. Mwenzake wa utotoni, Kibii, aliyekuja kuitwa arap Ruta, ndiye aliyekuwa msaidizi wake mkuu katika kazi ya farasi, na baadaye ya ndege.

Ukame ulimfilisi babake, akaenda Peru. Binti alibaki. Alipata leseni ya mkufunzi wa farasi akiwa kijana mno, jambo ambalo halikuzoeleka kwa mwanamke.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa mbio za St Leger mjini Nairobi, mwaka 1926. Zikisalia wiki 12, mwenye Wrack, farasi aliyetazamiwa kushinda, alimwondoa zizini mwake na kumkabidhi mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na Wise Child, farasi jike wa nasaba bora lakini mwenye kano dhaifu za miguu. Akimkimbiza mno mazoezini, miguu ingeharibika. Asipomkimbiza, pumzi ingemwishia uwanjani.

Hapo ndipo mpanda farasi anapobeba mzigo wote. Watu wa kazi hiyo hupimwa uzito kabla ya mbio na baada yake, hivyo wengi hujinyima chakula ili wasikose ajira. Lakini wepesi wa mwili hautoshi. Sonny Bumpus, aliyempanda Wise Child, alihitaji kuhisi kupitia hatamu ni lini miguu ile ingestahimili kusukumwa na ni lini ingekatika. Wise Child alimshinda Wrack. Saisi waliomsugua miguu alfajiri baada ya alfajiri hawakuingia katika orodha ya washindi.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1942, kikasahaulika. Baada ya miaka mingi ng'ambo, Beryl alirudi Kenya na kuanza tena ukufunzi, kwanza upande wa Nanyuki wa Mlima Kenya, mlima uleule ambao wakazi wa Meru na Embu huutazama kutoka upande wa jua kuchomoza. Farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara kadhaa.

Fedha hazikukaa mkononi mwake. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, akiwa fukara, hadi kitabu kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kumletea kipato. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.