Edwin Hall: Mwanafunzi aliyetilia shaka kitabu, mashine zikapata kipimo cha kasi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA magari mengi ya kisasa, kihisi kidogo, ambacho mafundi wa gereji hukiita sensa, hukaa kando ya gurudumu lenye meno na kutoa pigo la umeme kila jino linapopita. Gurudumu la meno 60 likitoa mapigo 1,500 kwa sekunde, linazunguka mara 25 kwa sekunde, yaani mizunguko 1,500 kwa dakika.

Vihisi vingi vya aina hiyo hutumia kanuni iliyogunduliwa mwaka 1879 na mwanafunzi wa Marekani, Edwin Herbert Hall.

Hall alizaliwa Novemba 7, 1855, mjini Gorham, jimbo la Maine. Alihitimu Chuo cha Bowdoin mwaka 1875, akawa mwalimu mkuu, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, chini ya Profesa Henry Rowland.

Huko alisoma kitabu cha James Clerk Maxwell, bingwa wa elimu ya umeme wa zama hizo, kilichoeleza kuwa sumaku husukuma waya wenye umeme, wala si mkondo wenyewe unaopita ndani yake. Hall hakuridhika. Alipomwendea Rowland, alibaini kuwa mwalimu wake naye alikuwa na shaka hiyo, na alikwishajaribu kuichunguza bila mafanikio.

Jaribio la awali la Hall, la kupima ukinzani wa waya, nalo liligonga mwamba. Oktoba 1879, akiwa na umri wa miaka 23, alibandika utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo, akaupitishia umeme katikati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Sindano ya galvanomita ikasogea: umeme ulikuwa umesukumwa upande. Elektroni, ambazo ndizo zinazosukumwa, zilikuja kugunduliwa mwaka 1897.

Hall alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard hadi alipostaafu mwaka 1921, akihimiza wanafunzi wa sekondari wajifunze fizikia kwa kupima wenyewe. Alifariki dunia Novemba 20, 1938, akiwa na umri wa miaka 83.

Katika metali, volti aliyoigundua ilikuwa ndogo mno kutumika viwandani. Ni vipitishi nusu, vilivyoenea baada ya kifo chake, vilivyoikuza kiasi cha kuweza kuhesabu meno ya gurudumu.