Bwana Whyte wa Bustani ya Entebbe

Ua wa nyumba yetu hapa Nateete ni wa minyaa, nami tangu utoto nilidhani kuwa mnyaa na mpungate ni jamii moja. Nilibishana sana darasani, hata mwalimu akaniambia niende Entebbe nikajionee. Basi Jumamosi nikapanda gari, nikapita Ndeeba na Kibuye, nikafika Bustani ya Mimea iliyo kando ya ziwa.

Mzee mmoja mtunza bustani alinishinda upesi. Mnyaa ukikatwa hutoa maziwa makali yawezayo kupofusha macho. Mpungate hutoa ute tu. Tena asili ya mpungate ni Amerika, ukavushwa bahari na watu. Nikamwuliza ni nani aliyeianza bustani hii.

Sisi wa Nateete twamjua Alexander mmoja wa Uskoti, yaani Mackay, aliyefika Buganda mwaka 1878. Kumbe Entebbe nao walikuwa na wao, Alexander Whyte. Alizaliwa mwaka 1834, akakaa miaka mingi Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, akikusanya ndege. Mwaka 1891 alifika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kumtumikia Harry Johnston, akaupanda mlima Mulanje. Huko alikuta mierezi mirefu, na wataalamu wa Uingereza wakaupa mti huo jina lake, ingawa wenyeji waliujua zamani.

Mwaka 1898 alikuja Entebbe kuianza bustani, naye ana miaka 64! Wazee wengi wa umri huo hukaa barazani. Wala hakuitwa kupanda maua. Serikali ya Waingereza ilitaka kujua ni mimea gani ya kigeni itakayostawi hapa na kuleta fedha, kama vile mpira na kakao. Faida waliyoitafuta kwanza ilikuwa yao, lakini kivuli nilichokaa ni chetu.

Alifariki mwaka 1908. Mierezi ya Mulanje imekatwa mno, hata mikubwa karibu imekwisha. Bustani ingalipo.

Jumatatu nilikiri kosa langu mbele ya darasa, wakacheka. Sikuwaambia jambo la mwisho alilonieleza yule mzee: kwamba iko jamaa moja tu ya mpungate imeayo yenyewe katika misitu ya Afrika, haina miiba mikali, nayo huning'inia matawini kama kamba. Tangu siku ile nikiingia msituni natazama juu.